Mama Mkwe Hataki Kusogea

Wodi ya Mifupa, kitanda cha nane
Jumatatu, 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mguu wangu umefungwa kamba, kamba imefungwa jiwe, na daktari anasema nitakaa hivi wiki kumi na mbili. Simu yako haipokelewi, kwa hiyo naandika.

Shule ya farasi haiwezi kunisubiri. Watoto watano wameshaandikishwa darasa la wanaoanza. Jumamosi ya tarehe 12 Aprili mkaguzi atakuja kuona kama wanaweza kumwongoza farasi wenyewe, kwa mikono na miguu yao. Wakishindwa, hatupati kibali cha kufundisha watoto. Hakuna mwalimu mwingine wa kumwomba. Nimekosa, nimebaki na wewe.

Najua umetunza farasi miaka arobaini. Najua pia hujawahi kumfundisha mtoto kitu chochote, labda kupiga mluzi mezani. Basi nakuomba: usiwafokee, wala usiwape zile hadithi zako za "mimi niliangushwa mara tisa na sikulia". Watoto wanajifunza kwa kucheza. Wiki hii michezo ni miwili.

Wa kwanza unaitwa Kuzunguka Dunia. Farasi amesimama, umemshika. Mtoto anageuka juu ya tandiko: anatazama ubavuni, anatazama mkiani, anatazama ubavu wa pili, mpaka arudi mbele. Unamtoa woga. Wa pili ni Taa. Ukisema "kijani", mtoto anambana farasi kwa miguu ili aondoke. Ukisema "nyekundu", anavuta hatamu polepole asimame.

Mtumie Mama Mkwe, farasi wetu mzee. Farasi wale wawili wengine ni warefu mno kwa watoto.

Mpwa wako


Bandani
Ijumaa, 7 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Simu yangu Mama Mkwe aliikanyaga. Usimlaumu, alikanyaga kwa adabu, mguu mmoja tu.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Wewe umevunjika guu ukalikimbia zizi, ukaniachia mimi. Na ungevunjika kwa heshima! Mwalimu wa farasi miaka kumi na mbili, farasi wote wameshindwa kukuangusha, umeangushwa na ngazi ya kupachika balbu. Watu wakiniuliza nawaambia ulikuwa vitani.

Sasa sikia habari za michezo yako.

Kuzunguka Dunia. Pacha wa kwanza alizunguka mpaka mkiani akakataa kuendelea, anasema huko kuna mandhari nzuri. Pacha wa pili akalia kwa kuwa ndugu yake amekaa mkiani na yeye hajakaa. Yule wa miwani, namwita Profesa, aliuliza dunia ina mzingo wa kilomita ngapi. Mimi niliishia darasa la nne, nikamwambia ashuke. Kitoweo, yule mnene mwenye furaha, alizunguka vizuri sana na akateleza vizuri sana, nikamdaka kwa tumbo langu, na bado linauma. Aliyezunguka na kurudi mbele ni mmoja tu, binti wa miaka saba asiye na meno ya mbele. Huyo ni Mapengo. Alipomaliza akaniuliza, "Babu, mchezo unaanza lini?"

Taa. Hapa ndipo nilipotamani kuwa mimi niliyevunjika mguu. Kijani! Mtoto anabana. Mama Mkwe amesimama. Kijani! Mtoto anabana, anapiga visigino, anabembeleza, anaahidi karoti. Mama Mkwe amesimama. Saa nzima ilikuwa taa nyekundu, mwanangu. Unajua kwa nini nilimpa jina lile: akiingia mahali wote mnasimama, na yeye hana haraka. Tangu niache sigara amezidi uvivu, sijui anaomboleza.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu ana miaka ishirini na miwili. Alishakauka, hata paka hamtaki.

Nimechoka.

Mjomba wako


Wodi ya Mifupa
Jumatano, 12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka mpaka jiwe likayumba, muuguzi akanigombeza. Nimemaliza kucheka. Sasa niseme jambo ambalo nilikuwa nalizungukazunguka.

Bwana wa mikokoteni, yule mwenye bohari ya mbao, ameuliza tena habari za Mama Mkwe. Anataka farasi mpole wa kuvuta. Mjomba, farasi asiyebeba wanafunzi siwezi kumweka. Nimemwambia asubiri ukaguzi. Watoto wakiweza kumwendesha tarehe 12, anabaki. Wasipoweza, bwana yule atakuja kumchukua.

Najua ulimpokea mikononi siku alipozaliwa. Ndiyo maana nakuambia mapema.

Jaribu Ndimu na Kijiko: mtoto anashika hatamu kwa mkono mmoja, mkono wa pili kijiko chenye ndimu, anatembea na farasi mpaka pipa la mwisho bila kuiangusha. Inawafundisha kutulia. Ila lazima farasi atembee!

Mpwa wako


Bandani
Jumatatu, 17 Machi

Mpwa wangu, marahaba, marahaba tena.

Mwambie bwana wa mikokoteni akavute mbao zake kwa meno.

Mama Mkwe anatembea! Ghafla tu, Alhamisi, baada ya barua yako. Ndimu na Kijiko wamecheza wote watano. Mapengo hakuangusha hata mara moja. Profesa aliangusha akashuka kuitafuta miwani, ndimu akaiacha. Kitoweo alikula ndimu njiani, akafika pipa la mwisho na kijiko kitupu na uso umekunjamana kama soksi. Lakini alifika! Na Taa pia tumerudia. Kijani, anaondoka. Nyekundu, anasimama kama gari la serikali.

Ukiniuliza siri ni nini, nitakujibu: mwalimu mzuri.

Lete michezo mingine. Hii imekuwa midogo.

Mjomba wako, Mwalimu Mkuu


Wodi ya Mifupa
Jumamosi, 22 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nilimsomea muuguzi barua yako, naye sasa anataka kumleta mwanawe. Nisamehe nilivyokudharau.

Lakini daktari wa farasi alipita kwako Jumanne kuangalia kwato, na ameniandikia kurasa mbili. Ya kwanza inasema kwato ni nzima. Ya pili yote ni wewe. Anasema ulikuwa umeegemea uzio ukikohoa saa nzima. Unakohoa, unanyamaza, unakohoa mara mbili, unanyamaza. Anasema hajawahi kusikia kikohozi chenye mpangilio namna ile, na kwa ng'ombe angeshtuka.

Uliacha sigara miaka kumi na moja iliyopita. Hiki ni nini? Nakutumia asali na dawa ya maji. Kunywa, usimpake farasi.

Mchezo mpya ni Tarishi. Funga visanduku kwenye mapipa. Mtoto anachukua bahasha pipa la kwanza, anampeleka farasi kwa hatamu mpaka pipa lenye namba ya bahasha, anaitumbukiza. Hapo ndipo wanapojifunza kukata kushoto na kulia. Mkaguzi anaupenda sana huu.

Mpwa wako


Bandani
Jumatano, 26 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Daktari wa farasi abaki na farasi. Mimi nina miguu miwili. Kikohozi ni vumbi la majani makavu, basi. Asali nimekula. Dawa nimeinusa, nikamwonea huruma aliyeitengeneza.

Tarishi unanitoa jasho. Mama Mkwe anaondoka, anasimama, lakini kukata kona ni shughuli. Amezoea kunifuata niliko, kwa hiyo inabidi nitangulie kila pipa huku nikijifanya nakagua kamba za visanduku. Jana nimekagua kamba mara arobaini. Pacha wameanza kuandikiana barua za matusi na kuzituma kwa mchezo huohuo. Moja ilimfikia Profesa kwa makosa, akasahihisha maneno akairudisha.

Na huyu Mapengo ananichosha kuliko wote. Wenzake wanafurahi, yeye ananuna. Jana nilikwenda chooni, yeye alikuwa juu ya tandiko. Niliporudi farasi alikuwa palepale na mtoto ana machozi ya hasira. "Babu, nimembana, nimembana, mbona ananisikia ukiwepo tu?" Nikamwambia Mama Mkwe ana haya. Akanitazama, mwanangu. Mtoto wa miaka saba, hana meno, lakini macho yake yanauma.

Mjomba wako


Wodi ya Mifupa
Jumatano, 2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Muuguzi wa wilaya ameandika baada ya kukuona: unakohoa kuliko mwanzo. Watoto wakipanda, unakohoa. Wakishuka, unatulia. Anasema ni vumbi la uwanjani linakuua, na mimi sitaki kuzika mtu kwa sababu ya kibali.

Nimeamua, na usibishane nami. Kuanzia Jumatatu tarehe 7 ukae kitandani chumbani kwako wiki nzima, muuguzi atakuja asubuhi na jioni. Siku ya mkaguzi usikanyage uwanjani. Daktari wa farasi atasimama badala yako. Watoto wameshajua, umewafundisha vizuri, wataweza bila wewe.

Naomba unitii, mara moja katika maisha yako.

Mpwa wako


Chumbani, kama mfungwa
Jumatatu, 7 Aprili

Wewe binti wa dada yangu,

Mimi si mgonjwa! Niandike kwa wino gani uelewe? Sikohoi kwa ugonjwa!

Muuguzi uliyeniletea ana mkono kama koleo la mhunzi. Amechukua viatu vyangu, ameviweka kwenye kikapu cha baiskeli yake, kaondoka navyo. Nimepitia dirishani peku mpaka kwenye pipa la maji, akanikuta, akanirudisha kwa sikio. Kwa sikio, mimi! Nina wajukuu!

Ahirisha mkaguzi. Mwambie farasi ana mafua. Mwambie uwanja umeibiwa. Niruhusu nisimame nje ya uzio, mbali, nimefunga kitambaa puani, ila mdomo uwe wazi. Kuna jambo siwezi kuliandika.

Mjomba wako


Wodi ya Mifupa
Alhamisi, 10 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hapana.

Kunywa dawa.

Mpwa wako


Chumbani
Ijumaa, 11 Aprili

Mapengo,

Barua hii nampa Kitoweo akuletee. Akiifungua na kupaka mafuta ya maandazi, nisamehe.

Ulikuwa sawa. Mama Mkwe hawasikilizi. Zamani nikimfundisha nilikuwa navuta sigara. Kila nikitaka tuanze kazi, kikohozi kinanitangulia, naye akadhani ndiyo amri. Kohoo moja, ondoka. Makohoo mawili, simama. Na kokote ninakokoholea, huko ndiko anakokuja. Nilipoacha sigara nilisahau kabisa. Ile Alhamisi mlipokuwa na ndimu nilipaliwa na chai, nikakohoa, akaondoka. Nikaona ni njia ya kumwokoa. Kesho mkishindwa anakwenda kuvuta mbao.

Kwa hiyo kesho wewe ukae karibu na uzio, wenzako wakipanda uwakoholee. Usimwambie mtu.

Babu


Ijumaa

Babu

Tunajua wote. Tangu ndimu. Kitoweo ndiye aliyegundua kwa sababu yeye alikohoa ile ndimu na farasi akaondoka. Hatukusema kwa sababu ulikuwa unajisikia mwalimu.

Lakini Babu mimi nilitaka anisikie mimi.

Kesho tutakohoa.

Mapengo


Ofisi ya Ukaguzi
Jumatatu, 14 Aprili

Kwa Mwenye Shule,

Nimekagua darasa la wanaoanza Jumamosi tarehe 12. Wanafunzi watano wameonyesha michezo ya Taa, Ndimu na Kijiko, na Tarishi. Farasi aliondoka na kusimama kwa wakati. Katika Tarishi nilishangazwa na wanafunzi wanne waliosimama kila mmoja kwenye pipa lake kumpokea mwenzao.

Nasikitika kwamba siwezi kutoa kibali kwa sasa. Wanafunzi wote watano wana kikohozi kikali. Mmoja, mwanafunzi mnene, alikohoa mpaka akakaa chini, na farasi akamfuata akamsimamia. Mtumishi wa shule, mzee mmoja, naye alisikika akikohoa kwa nguvu kutoka dirisha la chumba cha uani, na farasi akaondoka na mwanafunzi juu kuelekea dirisha hilo. Inaonekana maradhi yameenea.

Shule ifungwe wiki moja. Kila mtoto alete cheti cha daktari. Nitakagua upya mkinijulisha.

Mkaguzi


Wodi ya Mifupa
Alhamisi, 17 Aprili

Mjomba, shikamoo, ingawa hustahili.

Mapengo ameniandikia. Yote. Ameambatanisha na mchoro.

Nilikuwa nalia hapa kitandani nikidhani unakufa! Nimemwomba muuguzi wa wilaya, nimemsumbua daktari wa farasi, nimeandika wosia wa viatu vyako! Na wewe unapiga honi kwa koo. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeikimbia na watoto watano nyuma yako wakikohoa.

Kinachoniudhi si mkaguzi. Kinachoniudhi ni yule mtoto. Wiki tano amebana miguu yake midogo, amevuta hatamu, amefanya kila nililoandika, na ulimfanya adhani hawezi.

Bwana wa mikokoteni alikuja Jumanne kumjaribu farasi. Alimvuta, alimsukuma, alimwimbia. Hakusogea hata ukwato. Amesema atarudi na watu wanne na kamba.

Sasa sikia. Utaanza upya, mchezo wa kwanza, Kuzunguka Dunia, tena bila kohoo hata moja. Siku mtoto mmoja atakapompeleka Mama Mkwe kutoka pipa la kwanza mpaka langoni kwa mikono na miguu yake, mbele ya daktari wa farasi, niandikie. Siku hiyo nitamwambia bwana wa mikokoteni asirudi. Nakupa mpaka mwisho wa Mei. Zaidi ya hapo anamchukua.

Mpwa wako


Bandani
Ijumaa, 2 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Mama Mkwe hataki kusogea.

Nimefungwa kitambaa mdomoni, wamekifunga watoto wenyewe, Profesa amehakikisha fundo. Mapengo ameniweka juu ya ndoo katikati ya uwanja, kwa sababu anasema farasi asijue niendako. Siku nne za kwanza hakuna kitu. Mtoto anabana, farasi ananitazama mimi kwenye ndoo, mimi natazama mbinguni. Mate yananijaa, koo linawasha kama nimemeza kiwavi. Miaka arobaini ya kazi, mwanangu, na nimegeuka sanamu ya kuogopesha ndege.

Siku ya tano nilikasirika nikamwambia Mapengo shuka, huyu amezeeka, tumwache. Akasema, "Wewe pia umezeeka na bado tunakufundisha." Pacha wakacheka mpaka wakapigana.

Jana, hatua tatu. Alimbana, akangoja, akambana tena kidogo, na yule bibi akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa aoshe vyombo, akatoa mguu. Hatua tatu. Akasimama. Hakuna aliyeshangilia, tuliogopa.

Kuhusu ulilosema la mtoto, nimelisoma. Silijibu kwa mzaha, na mzaha ndio ninaoujua, basi nalinyamazia.

Mjomba wako


Chumbani
Jumatano, 21 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Naandika mafupi kwa kuwa barua hii ina safari kabla ya kwenda posta.

Tangu Jumapili naumwa. Kweli. Mafua, homa, na kikohozi cha kupasua mbavu. Nimemwambia muuguzi, akasema, "Haya, haya, mzee, na leo farasi aende wapi?" Nimemwambia daktari wa farasi, akacheka akashika mbavu zake. Nimemwambia Kitoweo, akanikoholea na yeye. Nimejifungia mwenyewe chumbani, dirisha nimelifunga, nimeziba nyufa kwa gunia, kwa sababu leo ndiyo siku, na nikikohoa akanisikia tumekwisha.

Barua naifunga hapa. Profesa anaipeleka pipa la kwanza, Mapengo ataichukua hapo akiwa juu ya farasi. Mchezo ni Tarishi. Sanduku liko langoni.

Mjomba wako

Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko mwingine:

Imepokelewa langoni saa nne na robo asubuhi kutoka mkononi mwa mwanafunzi, juu ya farasi. Hatua nilizohesabu ni sitini na mbili. Alisimama mara mbili njiani, mara zote mbili mtoto alimwondoa tena. Hakuna aliyekohoa. – Daktari wa farasi

Na chini yake, kwa wino uliosambaa:

Mpwa wangu, nimeomba bahasha irudi niongeze haya. Niliona yote kwa tundu la gunia. Aliposimama mara ya kwanza kifua kilinipanda, nikauma mto. Aliposimama mara ya pili alikuwa amenielekea dirishani kabisa, masikio mbele, ananingoja mimi, na kohoo lilikuwa hapa, kooni, limeshika mlango. Sikulitoa. Yule mtoto akavuta hatamu ya kushoto, polepole, ulivyoandika wewe, na Mama Mkwe akanigeuzia mkia akaenda zake.

Mwambie bwana wa mikokoteni.

Utaona hapa wino umelowa. Nilibana kikohozi mpaka machozi yakanitoka. Ni kikohozi. Muulize muuguzi, ingawa hataniamini.